Mafuta Yapitayo na Jua Likaalo

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Chama Kikuu, Dodoma, katika sherehe za kutimiza miaka kumi)



Tumeombwa na Halmashauri tuseme juu ya jambo ambalo limezuka katika karibu kila mkutano wa chama cha msingi, toka Chemba na Kondoa hata Mpwapwa. Je, yafaa nchi yetu iendelee kutafuta na kuchimba mafuta, au yafaa ielekeze fedha na akili yake kwenye jua, upepo na maji? Na chama cha wakulima kina neno gani katika shauri hilo? Wapo waliosema kwamba mambo haya ni ya Wizara na ya makampuni, na kwamba sisi tushike alizeti yetu, zabibu zetu na mtama wetu. Twayaheshimu maoni yao, lakini hatukubaliani nayo. Chama kinachokamua alizeti, kinachovuta maji ya kunyweshea zabibu, kinachosafirisha magunia kwa lori na kukodisha trekta, hununua nishati kila siku ya kazi. Na mwanachama ambaye shamba lake limepitiwa na bomba hana haja ya kuelezwa kwamba jambo hili ni lake.

Lugha yetu ina neno moja tu, mafuta, kwa kile kinachotoka katika mbegu ya alizeti, kwa kile kinachowaka katika kibatari, na kwa kile kinachoendesha lori. Labda ndiyo sababu wakulima wa uwanda huu wa kati wamepata kuahidiwa utajiri wa mafuta mara nyingi kuliko walivyoupata. Ahadi ya kwanza kubwa ilikuwa ya karanga. Baada ya vita vya pili vya dunia Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula, na mwaka 1946 ikatuma wajumbe kuja kutazama ardhi. Mwaka 1947 matrekta yakaanza kung'oa vichaka na mibuyu pale Kongwa. Hesabu zilizoandikwa London zilikuwa za zaidi ya ekari milioni tatu katika nchi tatu za Afrika. Udongo wa Kongwa, ambao ukikauka hukaza kama saruji, ulivunja majembe ya mashine, na mvua ikaja kidogo kama ilivyozoea kuja. Januari 1951 mpango ukaachwa, na pauni milioni 36 za walipa kodi wa Uingereza zikafutwa katika vitabu. Watu waliokuwa wakilima mtama na uwele mahali hapo waliijua mvua hiyo na udongo huo. Elimu yao haikutiwa katika hesabu.

Twalikumbusha jambo hili kwa sababu leo mafuta mengine yamekuja kupita karibu nasi, nayo yataka kutazamwa kwa macho makavu.

Mwaka 2006 mafuta yaligunduliwa Uganda, kando ya Ziwa Albert. Mwezi wa Mei 2017 serikali za Uganda na Tanzania zilitia saini mkataba wa kujenga bomba toka Hoima mpaka Chongoleani, Tanga, na mwezi wa Agosti mwaka huo huo jiwe la msingi likawekwa. Urefu wake ni kilometa 1,443, na kati ya hizo kilometa 1,147 zimo ndani ya Tanzania, katika mikoa minane: Kagera, Geita, Shinyanga, Tabora, Singida, Dodoma, Manyara na Tanga. Katika mkoa wetu lapita Chemba na Kondoa. Mafuta ya Uganda yana nta ndani yake, na yakipoa huganda kama samli asubuhi ya Juni. Kwa hiyo bomba hilo lote hapana budi litiwe joto, nyuzi 50 hivi, njia nzima mpaka baharini. Wenye hisa ni kampuni ya TotalEnergies ya Ufaransa yenye asilimia 62, shirika la mafuta la Uganda asilimia 15, TPDC yetu asilimia 15, na CNOOC ya China asilimia 8.

Sasa, mwanachama wa Chemba anapata nini? Tuseme kweli. Vijana wamepata kazi za ujenzi, wengine wamejifunza kuchomelea na kuendesha mitambo mikubwa, barabara zimetengenezwa, na mabomba yamepita Sojo huko Nzega kupakwa utando kabla ya kufukiwa. Serikali ina sehemu yake ya mapato. Hayo si madogo, nasi hatupendi kusikia watu wakiyadharau. Lakini kazi ya kufukia bomba huisha siku bomba linapofukiwa. Baada ya hapo mafuta hupita chini ya ardhi usiku na mchana, yakielekea meli, wala hakuna mfereji wa kuchota pale Chemba. Ukanda wa meta 30 hauwezi kujengwa nyumba tena. Na jambo lililowaumiza watu zaidi ya yote ni muda: kati ya kupimwa kwa mashamba na kulipwa fidia wengi walikaa miaka, hawajui wapande mazao ya muda mrefu au waache, wakati bei ya ardhi ya kununua badala yake inapanda. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yataka fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka. Mkulima aliyekuwa na karatasi mkononi alikuwa na pa kuanzia maneno yake. Asiyekuwa nayo alitegemea kumbukumbu ya jirani.

Upande wa magharibi yetu kuna habari nyingine. TPDC imekuwa ikifanya utafiti wa mafuta katika bonde la Eyasi na Wembere, kwanza kwa ndege, kisha kwa kutikisa ardhi na kusikiliza mwangwi wake. Bonde hilo lagusa Singida, na kwa hiyo lawagusa jamaa zetu wengi. Habari zilipofika minadani, watu wakaanza kusema kwamba visima viko tayari. Ndugu wanachama, kusikiliza mwangwi si kupata mafuta, na kupata mafuta si kuyauza. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974. Ilianza kutumika mwaka 2004. Ile ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982. Ikaanza kutumika mwaka 2006. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa ugunduzi wa Songo Songo alikuwa na umri wa miaka thelathini gesi ilipowasha taa ya kwanza.

Wenzetu wanaotetea uchimbaji wana hoja nzito, nasi tungekosa adabu tusipoisema kama wao wanavyoisema. Wasema: Wamarekani walitoboa kisima chao Titusville mwaka 1859, na tangu hapo mataifa makubwa yamejenga reli, viwanda na majiji kwa makaa na mafuta, Norwei, Uingereza na Marekani wangali wanachimba, iweje Septemba 2022 Bunge la Ulaya lipitishe azimio dhidi ya bomba letu, hali sisi tunaotoa moshi kidogo kabisa ndio bado tunapikia kuni? Kwa maoni yetu hoja hiyo ni ya haki. Mtu aliyeshiba hana mamlaka ya kumfundisha mwenye njaa adabu ya mezani. Lakini haki ya kuchimba ni kitu kimoja, na faida ya kuchimba ni kitu kingine. Oloibiri, kijiji cha Nigeria ambako mafuta yaligunduliwa mwaka 1956, kilikuwa na haki hiyo. Visima vyake vimekwisha kukauka, na umaskini ungaliko. Jirani zetu wa Kenya waligundua mafuta Turkana mwaka 2012. Mwaka 2018 yakaanza kubebwa kwa malori mpaka Mombasa, shehena moja ikauzwa ng'ambo mwaka 2019, na mwaka 2020 malori yakasimama.

Sasa tuwageukie wale wanaosifu upepo na jua, maana nao wasidhani kwamba wameepuka maswali. Huko huko Kenya ya kaskazini, katika Marsabit, karibu na Ziwa Turkana, vimesimamishwa vinu vya upepo 365 vyenye uwezo wa megawati 310. Vilikuwa tayari mwaka 2017, lakini vikazunguka bure mpaka Septemba 2018, kwa sababu waya wa kupeleka umeme ulikuwa haujakamilika. Na mwezi wa Oktoba 2021 mahakama iliyokaa Meru iliamua kwamba hati za ardhi ya mradi ule, ekari 150,000 za malisho, hazikupatikana kwa kufuata sheria. Upepo ni safi, lakini mfugaji aliyenyang'anywa malisho kwa ajili ya upepo hana tofauti na aliyenyang'anywa kwa ajili ya mafuta. Singida upepo wake umepimwa na kusifiwa kwa miaka mingi, makampuni yamekuja na kuondoka. Siku vinu vikubwa vitakapokuja kweli, watu wa kule na wawe na hati zao za kimila mkononi kabla mgeni hajashuka garini.

Kuhusu maji, uwanda huu hauhitaji mwalimu. Bwawa la Mtera, ambalo wengi wetu twalijua kwa samaki wake, lina mitambo ya megawati 80, na maji yake huendelea kuzungusha mitambo ya Kidatu, megawati 204. Ukame ulipokuja, mwaka 2006 na tena mwaka 2011, umeme ulikatwa kwa zamu nchi nzima. Mwezi wa Oktoba 2015 mitambo ya maji ilizimwa kwa kukosa maji. Sasa kuna Bwawa la Julius Nyerere katika Rufiji, megawati 2,115, ambalo mtambo wake wa kwanza uliwashwa Februari 2024 na yote tisa ikakamilika mwaka 2025. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme yatoka Dar es Salaam mpaka Dodoma bila tone la dizeli ndani yake. Twafurahi. Hata hivyo mvua inayojaza mabwawa ndiyo ile ile inayotukimbia sisi, na ni vema mkulima asitie mayai yote katika kapu la mvua, maana mazao yake tayari yamo humo.

Lakini kuna nishati moja ambayo katika mabishano haya husahauliwa, nayo ndiyo iliyolisha uwanda huu tangu zamani: mti. Wazee wa Kondoa watawaeleza watoto wao jinsi korongo zilivyokula mashamba, mpaka mwaka 1973 mradi wa HADO ulipoanzishwa, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoharibika ili majani yaote. Leo jiji la Dodoma linakua, na magunia ya mkaa yanaingia kila asubuhi kwa baiskeli, kwa pikipiki na kwa malori. Mkakati wa Taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Gesi ya mitungi, ambayo ndiyo watu wengi huikimbilia, hutoka ng'ambo na kulipiwa kwa fedha za kigeni. Kwa hiyo anayesema mafuta na gesi si kitu hajapika kwa mtungi, na anayesema ndiyo dawa ya yote hajaishiwa na mtungi katikati ya mwezi. Akina mama katika mkutano huu wanajua kuliko sisi.

Basi chama kifanye nini? Hapa ndipo tungependa kukaa kidogo.

Wenye umri mkubwa wanakumbuka pampu za dizeli zilizowekwa katika vijiji vingi katika miaka ya sabini. Maji yalitoka, watu wakashangilia. Baada ya bei ya mafuta kupanda duniani mwaka 1973 na tena mwaka 1979, na fedha za kigeni kuadimika, injini zikaanza kunyamaza moja baada ya nyingine; hakuna dizeli, hakuna vipuri, na akina mama wakarudi kuchimba maji katika mchanga wa mito. Injini zilikuwa nzima. Kilichokosekana kilikuwa ng'ambo. Mwaka 2022 tuliona mfano mdogo wa jambo hilo: vita vya Ukraine vilipandisha bei, na Serikali ikalazimika kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi ili mafuta yanunulike. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA hutangaza bei kikomo, nasi twaisikiliza kama wafungwa wanaosubiri hukumu ya rufaa.

Sasa tazameni kalenda ya kazi zetu. Alizeti huvunwa mvua zikiisha, mwezi wa Mei na kuendelea, na hukamuliwa wakati wa kiangazi. Zabibu hutaka maji wakati wa kiangazi. Na jua la Dodoma ni kali na la uhakika wakati gani? Wakati wa kiangazi, toka Mei hata Novemba. Mungu ameziweka haja yetu na jua katika miezi ile ile. Bwawa hupungua wakati huo, jua halipungui.

Tufanye hesabu pamoja. Paneli za jua zenye uwezo wa kilowati moja, katika mahali kama hapa petu, hutoa uniti nne mpaka tano za umeme kwa siku. Jenereta ndogo ya dizeli hutoa kama uniti tatu kwa kila lita. Paneli za kilowati kumi, basi, hutoa uniti 40 mpaka 50 kwa siku, yaani kazi ambayo jenereta ingeifanya kwa lita 13 mpaka 17. Kila katibu wa chama cha msingi na azidishe lita hizo kwa bei ya wiki hii, kisha kwa siku za kukamua au kuvuta maji, kisha alinganishe na bei ya paneli aliyoandikiwa na muuzaji. Hatutamfanyia hesabu hiyo, kwa sababu bei hubadilika na kila mashine ina njaa yake. Penye umeme wa REA, ambao kijijini huunganishwa kwa ada ya shilingi 27,000, hesabu itakuwa nyingine. Huko huenda ikafaa kuutumia huo kwanza na kuongeza jua baadaye. Na kumbukeni kwamba kinachofilisi miradi mingi ya jua ni betri. Pampu inayojaza tangi mchana haihitaji betri kubwa, kwani tangi ndilo betri lake. Alizeti nayo haina usiku wala mchana. Ikamuliwe jua likiwa juu.

Matatizo yapo, nasi hatuyafichi. Vumbi letu hufunika paneli, nazo zataka kupanguswa. Wezi wanazipenda. Madukani kuna bidhaa hafifu zenye maandishi mazuri. Inveta huharibika baada ya miaka kadhaa, na fundi akikosekana mtambo wote huwa pambo la paa. Wala trekta na lori letu havitaendeshwa kwa jua kesho. Dizeli tutaendelea kuinunua, na anayewaahidi vinginevyo msimpe fedha zenu. Tunachosema ni kwamba pampu na mashine za kukamua, ambazo hazisogei mahali zilipo, ndizo za kuanza nazo.

Tena twaomba mtambo wowote utakaonunuliwa uwe mali ya wanachama, ulipiwe kwa hisa na kwa mkopo unaojulikana masharti yake, uandikwe katika daftari la mali na ukaguliwe kama ghala linavyokaguliwa. Wazee hawajasahau mwaka 1976, vyama vikuu vilipovunjwa na mali yake ikagawanywa kwingine, mpaka sheria ya mwaka 1982 ilipovirudisha. Benki ya Ushirika, iliyozinduliwa hapa Dodoma mwezi wa Aprili 2025, imewekwa kwa ajili ya maombi ya namna hii. Lakini benki hutaka vitabu vilivyofungwa vizuri, na baadhi ya vyama vyetu vya msingi vinajijua.

Kuhusu kuchimba au kutochimba, sisi hatuombi Chama Kikuu kitoe azimio la kuilaani Serikali wala la kuishangilia. Wembere ikiwa na mafuta, Taifa litaamua. Twaomba chama kiwe na sauti katika mambo mawili: kwamba hakuna mwanachama atakayepitiwa na bomba, kinu cha upepo au shamba la paneli bila hati yake kuwa imeandikwa kwanza, na kwamba fidia ikicheleweshwa, barua ya kudai iandikwe na chama, kwa muhuri wa chama, asiachiwe mjane mmoja kutembea ofisi kwa ofisi. Kijiji kikipima mashamba yake kwa pamoja, gharama kwa mtu mmoja huwa ndogo. Mwenye shamba asingoje vigingi vyekundu vionekane.

Mheshimiwa Mwenyekiti, fomu za hesabu ya dizeli na jua, mistari mitupu ikisubiri bei, ziko kwa Katibu, nakala moja kwa kila chama cha msingi. Zirudishwe kabla ya msimu wa kukamua. Tumeambiwa wajumbe wa Chemba wana mengi ya kusema juu ya hati, na wa Hombolo juu ya pampu zao. Twaomba waanze wa Chemba, kwani basi lao huondoka mapema.